Kwa Coletha wa Isaka, Mama wa Karatasi za Hoteli

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukulaze pale nyuma ya kanisa la kigango, upande wa mkonge, tukarudi nyumbani bila wewe. Sanduku lako la bati bado liko chini ya dirisha. Hakuna aliyelichoma. Tumetaka hilo lisomwe kwanza, kabla ya sala na kabla ya majina, kwa sababu wapo wanaopita njia ya nyumbani kwetu wakiulizana pembeni, "Zile karatasi walizifanyaje?" Zipo. Zote.

Gazeti lilitupa nafasi ya picha yako na mistari sita. Baba alisoma tangazo la marehemu mwingine lililokuwa juu ya letu, akakunja gazeti, akasema, "Mistari sita inamtosha mtu ambaye hakusemwa. Mke wangu amesemwa miaka." Basi tumemwomba karani wa stesheni atupigie taipu, na tunabandika wenyewe: stesheni, sokoni, na kwenye ubao wa kigango. Mtu akibandua, tutabandika tena. Na hatukutumia hata karatasi yako moja, usiwe na wasiwasi.

Wasiokujua waanze hapa. Ulizaliwa Ushirombo, binti wa mzee Bartholomeo, mkulima wa pamba. Ukiwa msichana ulikwenda Geita kufanya kazi kwenye hoteli ndogo ya Bwana Zulfikar, walikofikia wageni wa mgodi wa dhahabu. Ulifua shuka, ulipiga pasi, ulipanga vyumba. Juu ya kila meza uliweka karatasi nyeupe zenye picha ya hoteli kichwani, bahasha zake, na ramani ya kukunja iliyowaonyesha wageni njia ya kutoka Mwanza: kivuko, barabara, mgodi, na pembeni ziwani samaki aliyechorwa mkubwa kuliko kivuko chenyewe. Ulitusimulia kuwa samaki yule ndiye aliyekuponza. Ulicheka peke yako chumbani mpaka Mama Rubab, mke wa Bwana Zulfikar, akaja kuangalia nani amelewa.

Mgodi ulipofungwa, wageni walikoma. Bwana Zulfikar akauza vitanda. Siku ya mwisho Mama Rubab alikuita.

"Coletha, chukua shuka. Chukua zile nzuri."

"Naomba karatasi, mama."

"Karatasi gani?"

"Zile za mezani. Na ramani."

"Utamwandikia nani? Wewe hujui kuandika."

"Simwandikii mtu. Nazitaka hivyo hivyo zilivyo."

Mama Rubab alikupa boksi zima, na shuka pia akakupa. Shuka tulizimaliza sisi wanao, zilikuwa nepi zetu. Karatasi hazikutoka sandukuni.

Baba yetu Donatus, mfanyakazi wa reli, alikuoa mwaka uliofuata, mkahamia Isaka. Hapo ndipo ulipoanza kukusanya kwelikweli. Ulichemsha mayai, ulikaanga karanga, ulikausha matobolwa ya viazi vitamu, na treni ya abiria iliposimama ulitembea chini ya madirisha na sinia kichwani ukiita, "Mayai! Karanga! Matobolwa! Nani ana karatasi ya hoteli?" Abiria walidhani wamesikia vibaya. Ulirudia. Mwingine alicheka, mwingine alikuuliza kama hoteli yako ndiyo hiyo sinia. Lakini daima alitokea mmoja aliyepekua mkoba wake: mwalimu aliyetoka mkutanoni Dodoma, mseminari aliyerudi kutoka Roma, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyelala Tabora na kuondoka na bahasha bila kujua kwa nini ameichukua. Ulimpa yai. Biashara yako ndiyo ilikuwa hiyo: yai kwa karatasi, na kwa ramani mayai na matobolwa.

Madereva wa malori nao wakakuzoea. Kamili ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikwenda mpaka Bujumbura na Bukavu, akilala chini ya lori lake ili ajipunguzie gharama, lakini kila mji aliofika alivua kofia, akaingia kwenye hoteli kubwa na nguo zake za mafuta, akaomba karatasi moja kwa ajili ya dada yake wa Isaka. Mara nyingine walimfukuza. Kesho yake alirudi.

Hatukuruhusiwa kuzigusa bila kunawa. Hukukunja karatasi hata moja. Ulizipanga kwa kupishanisha na vipande vya khanga, na kati yake majani makavu ya mwarobaini dhidi ya wadudu. Ulipojiunga na kisomo cha watu wazima, neno la kwanza ulilosoma bila kusaidiwa halikuwa kwenye kitabu cha kisomo. Lilikuwa "Tabora", kichwani mwa karatasi, na ulitoka nje kuwaambia majirani.

Mwanao Ansgar alikuuliza siku moja, "Mama, hizi ni za nini?" Hukukasirika. Ulimwonyesha karatasi ya Mombasa yenye minazi na mlango mkubwa, kisha ramani ya mbuga yenye simba anayetabasamu. "Napenda kuona kila mji unavyojisifu," ulisema. "Angalia huyu simba. Umewahi kuona simba anamkaribisha mtu?"

Sasa tuje kwenye lililokupata, kwa sababu hatuandiki haya ili tulie tu.

Ilikuwa mwaka 1976, sherehe ya ubatizo wa mdogo wetu Apolinari. Sisi watoto tulifungua sanduku tuwaonyeshe binamu zetu simba. Baba mkubwa Gregory, kaka yake Baba na mjumbe wa halmashauri ya kigango, alipita mlangoni akaona. Alisoma vichwa vya karatasi kimoja baada ya kingine. Hakukuuliza wewe, na ulikuwa hatua chache tu kutoka pale, ukipakua wali. Alitoka nje walikokaa wanaume, akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu:

"Mdogo wangu Donatus, mkeo amelala hoteli ngapi?"

Miaka ile, ukimtaja mwanamke na hoteli kwa pamoja, watu hawakungoja maelezo. Kabla vyombo havijaoshwa, mji mzima ulikuwa na habari. Wapo waliosema treni ilikuwa njia yako ya kukutana na wanaume. Wapo waliosema watoto wa Donatus waangaliwe vizuri sura zao. Tunawajua. Baadhi yao wanasoma hapa sasa hivi.

Halmashauri ilikuita pamoja na Baba. Wazee walikaa kwenye benchi, ninyi wawili mkasimama. Wewe mwenyewe ulitusimulia neno kwa neno, na Baba amethibitisha kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Zichomwe mbele yetu, aibu iishe," alisema Baba mkubwa Gregory. "Akikataa, atoke kwenye kikundi cha akina mama, na asipokee komunyo."

"Shikamoo, shemeji," ulisema, maana hakuna aliyekusalimia. "Aibu ipi? Nimeiba?"

"Hujaiba."

"Nimekutwa na mtu?"

"Hizo karatasi ndizo zitueleze."

"Hazijaandikwa kitu. Umezisoma mwenyewe. Zinakueleza nini?"

Akageuka kwa Baba. "Donatus, sema na mkeo."

Baba hakusema naye, na hakusema nao. Aliangalia miguu yake. Ulimngoja. Ulipoona hainui macho, ulijifunga khanga vizuri, ukasema neno moja, "Sichomi," ukaondoka.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha na watu wakiwa bado wanasalimiana uwanjani, ulikuja na sanduku kichwani. Bernadina, anayeshika kalamu hii kwa niaba ya wote, alikuwa na umri wa miaka minane na ndiye aliyebeba kamba. Mlifunga kamba ya katani kutoka mwarobaini mmoja hadi mwingine, mara tatu, mbele ya mlango wa kigango. Kisha ukaanika. Karatasi moja moja, ramani moja moja, kwa vibanio vya nguo. Mwanza, Tabora, Mombasa, Kampala, Bujumbura. Upepo wa kiangazi ulizipigapiga kama bendera za sikukuu ya taifa.

"Karibuni," uliita kwa sauti ile ile ya kuuzia mayai. "Mmesema mnataka kujua. Njoni muone. Atakayekuta jina langu kwenye hata moja, aje anionyeshe hapa hapa."

Mwanzoni walisimama mbali. Kisha bibi mmoja wa Didia aliyekuja kumtembelea binti yake akasogea, akauliza yule ni mnyama gani, ukamwambia ni simba, akasema simba gani ana meno kama ya padri. Kicheko kikavunja ukuta. Watoto wakaingia chini ya kamba. Wanaume wakatafuta miji waliyopita enzi za ujana wao, wakabishana kivuko kiko wapi. Mbuzi wa katekista akala kona ya Dodoma. Ulimfukuza kwa kiatu, na Dodoma mpaka leo ina pengo.

Kamili alikuwa Isaka siku hiyo akingoja mzigo. Alifika akiwa na grisi mpaka viwikoni, akanyoosha kidole kwenye kamba bila kugusa.

"Hii ya Bujumbura nilileta mimi. Hii ya Bukavu, mimi. Mwenyewe alikuwa hapa hapa Isaka anakaanga karanga. Nani anauliza?"

Lakini tusidanganye kwa kupendezesha habari. Wazee hawakufuta hukumu yao. Walicheka na watu uwanjani, kisha wakakuacha nje vile vile. Ulitolewa kwenye kikundi, na komunyo hukupokea.

Ndipo ulipotuonyesha wewe ni nani. Hukukosa Jumapili hata moja. Hukukaa nyuma. Ulikaa benchi la mbele, mgongo umenyooka, na watu walipojipanga kupokea, ulibaki umekaa, foleni nzima ikikupita. Sisi tulipofikia umri wa kupokea tulipita mbele yako tukiwa tumeinamisha nyuso. Ulitukemea nyumbani. "Mkipita, niangalieni. Mimi si wa kufichiwa macho."

Padri mpya alipokuja kutembelea vigango, alikuona mara mbili umekaa hivyo. Akawauliza wazee, "Mama huyu ana kosa gani?" Kila mzee alimwangalia mwenzake. Hakuna aliyeweza kulitaja kosa lenyewe mbele ya mgeni, maana likitajwa linachekesha. Jumapili hiyo ulisimama ukapokea. Hukumshukuru mzee yeyote, nao hawakukuomba radhi.

Kisha ikaja miaka ile ya kukosa kila kitu. Hapakuwa na sabuni, hapakuwa na sukari, na mwaka 1983 hapakuwa na karatasi. Wanafunzi waligawana daftari vipande. Katibu wa halmashauri, mmoja wa waliokaa kwenye lile benchi, alikuja nyumbani na kofia mkononi.

"Mama Bernadina, tunaomba karatasi chache tu za kuandikia mkutano."

"Hizi za hoteli?"

"Ndizo zilizopo, mama."

"Hapana. Zitawachafua."

Ukamkaribisha matobolwa, akala, akaondoka mikono mitupu. Wapo walioona ni ukatili. Sisi tunasema ni haki yako, na tulifurahi mno.

Lakini Generoza alipokuja ilikuwa habari nyingine. Ni binti yake Baba mkubwa Gregory, alikuwa amemaliza shule na alitaka kuomba nafasi ya uuguzi. Barua ilitakiwa iandikwe kwa mkono, na dukani hapakuwa na karatasi, Isaka wala Kahama. Alisimama nje ya uzio, hakupiga hodi.

"Ingia," ulimwambia. "Umesahau kuamkia?"

"Shikamoo, mama mdogo. Baba hajui kama nimekuja."

"Marahaba. Hilo ni lako na baba yako. Nawa mikono."

Ulimfungulia boksi la Geita, lile la Mama Rubab, ulilokuwa hujalipunguza tangu upewe. Ulimpa za kujaribia na moja ya kupeleka. Alipoandika jina lake chini ya picha ya hoteli ambayo haipo tena, herufi zilitoka hafifu, ukamwambia, "Kaza mkono. Umekuja kuomba kazi, hukuja kuungama." Alipata nafasi. Leo ni muuguzi Shinyanga, na ametuomba jina lake liwekwe kwenye tangazo hili hata kama nyumbani kwao watanuna. Tumeliweka.

Ulianza kuumwa tumbo mwaka 1985. Baba alikupeleka hospitali kubwa ya Mwanza, mkafika Ijumaa, mkaambiwa kitanda kitapatikana Jumatatu. Mlikuwa na ndugu wa kufikia. Baba alikataa. Alikushika mkono akakuongoza moja kwa moja kwenye mlango wa mbele wa hoteli, saa nane mchana, watu wakiona.

Kijana wa mapokezi aliwaangalia, khanga yako na mabuti ya reli ya Baba. "Huyu ni nani wako, mzee?"

"Ni mke wangu wa ndoa," alisema Baba, kwa sauti uliyosema hukuwahi kuisikia kwake. "Nipe chumba chenye meza."

Chumba kilikuwa na meza. Ulivuta droo. Tupu. Ukashuka ngazi na tumbo lako linalouma mpaka mapokezi.

"Karatasi zenu ziko wapi, mwanangu?"

"Zimeisha, mama. Tangu mwaka juzi hatujaletewa."

"Na ramani?"

"Ramani ya nini, mama?"

Baba anasema ulicheka mpaka ukashikilia kaunta. Uliporudi nyumbani uliwatangazia akina mama wote kisimani: "Mimi sijawahi kulala hoteli. Ile isiyo na karatasi ni nyumba ya watu tu, ina vitanda vingi." Uliendelea kusema hivyo hata ulipokuwa huwezi tena kunyanyuka, na Generoza, aliyekuja kukuuguza siku zake za likizo, alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Ulitutoka tukiwa tumekuzunguka, mchana, treni ya Mwanza ikipiga honi. Hilo tutabaki nalo sisi.

Siku ya matanga, watu wakiwa wamejaa uani, Baba mkubwa Gregory alisimama. Alisema marehemu apumzike, na kwamba mambo yaliyoleta maneno yasibaki nyumbani. Alisema sanduku litolewe, lichomwe siku hiyo hiyo, watoto waanze upya. Vijana wawili wakainuka kwenda ndani.

Walimkuta Baba. Alikuwa amekalia sanduku. Hakuna aliyemwona akiingia. Amekaa, mikono magotini, mabuti yake yamekanyaga sakafu sawasawa. Vijana wakarudi nje, Baba mkubwa akaingia mwenyewe, nasi tukamfuata mlangoni.

"Donatus, ondoka hapo."

"Shikamoo, kaka."

"Nimesema ondoka."

"Tangu nizaliwe nimekuheshimu. Ulipomsema mke wangu mbele ya watu, nilikuheshimu. Ulipomnyima komunyo, nikakuheshimu, nikaangalia miguu yangu. Yeye akasimama peke yake." Tukadhani Baba amemaliza kama alivyozoea kumaliza. "Leo amelala, hawezi kusimama. Basi mimi nimekaa. Niondoe."

Baba mkubwa alitoka, akachukua fimbo yake, akaenda zake bila kula. Hatukumfuata. Baba alikaa pale pale matanga yote. Chakula tulimletea pale, wageni wa rambirambi walimsalimu pale, na bibi yule wa Didia alipokuja, alimwomba asogee kidogo, akaketi kando yake juu ya bati.

Tunakujulisha na mengine, Mama. Ansgar ameanza kazi ya ufundi Kishapu. Apolinari amejifunza kusoma vichwa vya karatasi, na anasema simba si simba, ni mbwa aliyenyolewa vibaya.

Na Baba, yule Baba yetu asiyependa hata kuuliza bei sokoni kwa aibu ya kuongea na watu, mwezi wa sita aliomba ruhusa kazini. Alichukua sinia yako. Alichemsha mayai mwenyewe, mengine yakapasuka. Treni iliposimama alikwenda chini ya madirisha, akasimama tu, hakuna sauti iliyotoka. Abiria wakamwangalia. Injini ilipopiga honi ya kuondoka ndipo alipofungua kinywa, akapaza sauti mpaka karani akatoka ofisini: "Nani ana karatasi ya hoteli?" Mwanamke mmoja wa Kihindi, mtu mzima, alinyoosha mkono dirishani na bahasha ya Arusha yenye picha ya mlima. Treni ilikuwa imeanza kutembea. Baba alikimbia nayo sambamba, mayai yakimwagika, akaipata.

Sasa anaiendea kila treni ya Jumatano.

Wanaokukumbuka ni mumeo Donatus. Wanao Bernadina, Ansgar na Apolinari. Baba yako mzee Bartholomeo na ndugu zako wote wa Ushirombo. Mwanao Generoza wa Shinyanga. Na kaka yako wa barabarani, Kamili. Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii kigangoni. Baada ya misa tutafunga kamba kwenye miarobaini na kuanika zote, na kila mtu anakaribishwa, hata wale wasiotaka kukaribishwa.

Pumzika, Mama. Tutakukumbuka siku zote, tena kwa sauti.